Jumuiya ya Wachunguzi wa Mutajeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya mengi nimeulizwa na wanafunzi wa mwaka wa pili, baadhi darasani na mengine kwa WhatsApp saa nne za usiku kabla ya mtihani. Machache yametoka kwa ndugu na majirani ambao, wakishasikia mtu anafundisha jenetiki, humletea kila kitu kuanzia gunia la mahindi hadi kichupa cha rangi ya nywele. Nimeyapanga nilivyoona inafaa. Penye mengi ya kusema nimesema kwa kirefu, na penye machache nimepita.

Jumuiya inayozungumziwa hapa ni ipi?

Ni Environmental Mutagen Society, iliyozoeleka kwa herufi zake tatu, EMS. Ilianzishwa Marekani mwaka 1969 na wanasayansi waliotaka kujua ni vitu gani katika mazingira yetu (dawa, chakula, vipodozi, viuatilifu, moshi) vinavyobadilisha vinasaba vya binadamu. Bado ipo, ila siku hizi inaitwa Environmental Mutagenesis and Genomics Society.

Wanafunzi wa maabara, tahadhari: EMS ni kifupi pia cha etili methanisulfoneti, kemikali ambayo yenyewe ni mutajeni kali. Niliwahi kusahihisha karatasi iliyosema kwamba jumuiya hii "huyeyuka kwenye maji na ihifadhiwe mbali na ngozi".

Mutajeni ni nini hasa?

Ni kitu chochote kinachobadilisha maandishi ya DNA ndani ya seli. Kinaweza kuwa mnururisho, kama eksirei na miale ya urujuanimno ya jua. Kinaweza kuwa kemikali. Badiliko likitokea kwenye seli ya ngozi, ini au pafu, linabaki kwa mwenyewe, na pengine miaka mingi baadaye likachangia saratani. Likitokea kwenye seli zinazotengeneza mbegu za kiume au mayai ya mwanamke, linaweza kwenda kwa mtoto, kisha kwa mjukuu.

Mambo haya mawili yashike vizuri. Historia nzima ya EMS imo ndani yake: iliundwa kwa kuhofia wajukuu, ikaja kujulikana kwa kupambana na saratani.

Kwani mabadiliko yote ya vinasaba ni mabaya?

Hapana. Mengi hayana athari yoyote, machache yana faida mahali fulani. Mfano wa kwetu ni selimundu. Mtoto akirithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili anaugua; akirithi kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954. Miaka mitano kabla yake Mmarekani James Neel alikuwa ameeleza namna selimundu inavyorithiwa. Neel huyo huyo utamkuta tena huku chini, maana alikuwa miongoni mwa waliolivalia njuga suala la mutajeni. Lakini badiliko la bahati nasibu ni kama kupiga nyundo ndani ya saa: mara moja moja inaweza kwenda vizuri zaidi, aghalabu inaharibika.

Nani aligundua kwamba vinasaba vinaweza kubadilishwa kwa makusudi?

Hermann Muller, akiwa Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Mwaka 1927 alitangaza kwamba nzi wa matunda waliopigwa eksirei walizaa watoto wenye mabadiliko mapya ya jeni kwa kiwango kilichozidi cha kawaida kama mara 150. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, wakati dunia nzima ilipokuwa inajiuliza mnururisho utawafanyia nini watoto ambao hawajazaliwa.

Na kwa upande wa kemikali?

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu mwanamke aliyefanya kazi hii hatajwi inavyostahili.

Charlotte Auerbach alizaliwa Krefeld, Ujerumani, mwaka 1899. Alikuwa mwalimu wa sekondari. Mwaka 1933 Wanazi walipofukuza Wayahudi kazini, naye aliondolewa, akakimbilia Edinburgh, Uskoti. Muller naye alipita Edinburgh mwishoni mwa miaka ya 1930, na ndiye aliyemtia hamu ya kuchunguza mabadiliko ya jeni. Wakati huo wanafamakolojia (wataalamu wa dawa) wa hapo walikuwa wameona jambo: vidonda vya askari walioungua kwa gesi ya haradali katika Vita Kuu ya Kwanza vilifanana na vidonda vya eksirei. Vilichelewa kupona na vilirudi tena. Je, kama gesi hiyo inaunguza kama eksirei, haigusi vinasaba kama eksirei?

Auerbach na J. M. Robson walianza kuwafukizia nzi gesi ya haradali mwaka 1940. Vifaa vilikuwa vya kubahatisha, kazi ilifanyika juu ya paa la jengo la famakolojia, na mikono yake mwenyewe iliungua. Jibu lilipatikana mwaka 1941: gesi hiyo ilibadilisha jeni kwa nguvu ya kulinganishwa na eksirei. Muller akatuma simu ya pongezi. Lakini vita vilikuwa vinaendelea, gesi ya haradali ilikuwa siri ya kijeshi, na dunia haikusomewa matokeo kamili hadi mwaka 1946. Mwaka huo huo, huko Urusi, Iosif Rapoport naye alichapisha ugunduzi wake wa kemikali nyingine, ikiwemo fomaldehaidi, ile ile inayohifadhi maiti na vielelezo vya maabara.

Kama ilijulikana 1946, kwa nini jumuiya iundwe 1969? Miaka 23 walikuwa wapi?

Walikuwa kwenye mnururisho. Baada ya Hiroshima fedha za utafiti wa jenetiki Marekani zilikuwa zinamiminwa na tume ya nishati ya atomiki, na tume hiyo ilitaka kujua habari za mnururisho. Mutajeni za kikemikali wataalamu walizitumia kama zana: ukitaka kujua jeni inafanya kazi gani, iharibu uone kinachokwama. Watu waliokuwa wanashika chupa hizo kila siku hawakuwa wanajiuliza kama vitu vya namna hiyo vimo pia jikoni kwao.

Huku nje, viwanda vilikuwa vinaleta sokoni viuatilifu vipya, plastiki, dawa, viungo vya kuongeza ladha na rangi. Vilipimwa kama vinaua au havina sumu ya papo hapo. Kama vinagusa vinasaba, hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kupima. Mwaka 1968 James Crow, mwanajenetiki wa Wisconsin, aliandika makala akionya juu ya hatari ya kemikali kwa vizazi vijavyo. Hoja yake ilikuwa rahisi na ya kutisha: madhara ya namna hii hayaonekani wodini. Yanatapakaa katika familia maelfu, hapa mtoto, pale mjukuu, na hakuna daktari atakayeyaunganisha.

Alexander Hollaender alikuwa nani?

Ndiye baba wa jumuiya, na rais wake wa kwanza. Alizaliwa mwaka 1898 katika eneo la Prussia ambalo leo ni Poland, akahamia Marekani mwaka 1921. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anawapiga miale ya urujuanimno kuvu wa choa (ndiyo, huyu huyu wa ngozi), akaona kwamba urefu wa wimbi unaoleta mabadiliko mengi zaidi ndio ule ule unaofyonzwa na asidi ya nyuklia, kundi la kemikali ambalo DNA imo ndani yake. Kwa maneno mengine, alikuwa ameshika ushahidi kwamba urithi umeandikwa kwenye DNA, miaka kadhaa kabla ya watu kulikubali jambo hilo. Wengi hawakumsikiliza.

Kuanzia mwaka 1946 hadi 1966 aliongoza kitengo cha biolojia katika maabara ya taifa ya Oak Ridge, Tennessee, mji uliojengwa kwa siri wakati wa vita kwa ajili ya kurutubisha urani. Alikigeuza kitengo kile kuwa kituo kikubwa cha jenetiki. Huko ndiko William na Liane Russell walikofuga panya kwa malaki ili kuhesabu mabadiliko yanayorithiwa.

Hollaender alikuwa na kipaji ambacho vyuo havikitolei shahada: kuita watu mkutano. Alimjua kila mtu, alijua fedha ziko wapi, na hakuchoka kuandika barua.

Jumuiya ilizaliwaje?

Mapema mwaka 1969 Hollaender alianza kuwakusanya watu aliowaamini. Miongoni mwa waliokuwa naye katika hatua hizo ni Joshua Lederberg, mshindi wa Nobel; Crow na Neel tuliokwisha kuwataja; Matthew Meselson; Ernst Freese; Marvin Legator, aliyekuwa akifanya kazi katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani; Samuel Epstein; Frederick de Serres; na Heinrich Malling, Mdenishi mtaalamu wa jenetiki ya kuvu. Mkutano wa kwanza wa mwaka ulifanyika Washington mwaka 1970.

Angalia mchanganyiko huo. Wa nzi, wa kuvu, wa panya, wa bakteria, wa dawa, wa serikali. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na jumuiya yake na jarida lake, na wa panya hakusoma kazi ya wa kuvu. Kwangu mimi hicho ndicho EMS ilichofanya kikubwa kuliko vyote, kabla hata ya kipimo chochote: iliwaketisha kwenye mkeka mmoja watu ambao kila mmoja alikuwa na kipande cha jibu.

Na mwaka wenyewe ulikuwa na joto. Oktoba 1969 serikali ya Marekani ilitangaza kuiondoa saiklameti, sukari ya bandia iliyokuwa kwenye soda za wasiotaka kunenepa. Sababu rasmi ilikuwa uvimbe wa kibofu kwa panya, lakini mwaka huo huo Legator alikuwa ameonyesha kwamba kemikali inayotokana nayo mwilini huvunja kromosomu za panya, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Gazeti likiandika kromosomu kwenye ukurasa wa mbele, mwenye kuanzisha jumuiya kama hii hahitaji kujieleza sana.

Walianza na kazi gani?

Kukusanya karatasi. Sifanyi mzaha. Oak Ridge walianzisha kituo cha taarifa za mutajeni, Malling akiwa wa kwanza kukisimamia na baadaye John Wassom, ambacho kazi yake ilikuwa kutafuta kila makala iliyochapishwa popote kuhusu kemikali na mabadiliko ya jeni, kuiwekea faharasa na kumjibu yeyote aliyeuliza. Mwenye kiwanda cha dawa, mtumishi wa serikali, mwanafunzi: unaandika barua kuuliza kemikali fulani, unaletewa orodha. Leo tunabonyeza simu. Wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa intaneti.

Walitoa pia jarida dogo la habari kwa wanachama, na kuanzia mwaka 1971 Hollaender alihariri mfululizo wa vitabu vya mbinu za kugundua mutajeni. Jarida lao la kisayansi lilikuja baadaye, mwaka 1979.

Kipimo cha Ames ni nini, na kwa nini kila mtu anakitaja?

Kwa sababu kilikuwa rahisi. Kupima kemikali moja kwa panya kulichukua miaka na kulimaliza fedha. Bruce Ames, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia bakteria na siku mbili.

Alichukua bakteria wa jamii ya Salmonella walioharibiwa jeni moja, kiasi kwamba hawawezi kujitengenezea histidini, kirutubisho ambacho bila hicho hawakui. Unawaweka kwenye sahani ya petri yenye agari (jeli ya kukuzia vijidudu) isiyo na histidini ila chembe tu ya kuanzia. Wanagawanyika mara chache, kirutubisho kinaisha, wanasimama. Sasa weka kemikali unayoishuku. Ikiwa inabadilisha jeni, baadhi ya bakteria, kwa bahati, watabadilika kurudi walivyokuwa, wataweza tena kujitengenezea histidini na kuota. Kila aliyerudi anakuwa kidoa kimoja cheupe.

Nakumbuka sahani yangu ya kwanza. Saa 48 kwenye kabati la joto la nyuzi 37, unaitoa, unaiinua kwenye mwanga. Sahani isiyotiwa kitu ina vidoa vichache vilivyosambaa kama mchele uliomwagika. Ile iliyotiwa mutajeni imejaa, vidoa vimebanana hadi ukingoni. Unaigeuza kifudifudi na kuweka alama ya kalamu ya wino chini ya kila kidoa ili usihesabu mara mbili. Nilifika 300 na kitu, mtu akafungua mlango akaniuliza ufunguo wa stoo uko wapi, nikaanza upya.

Jambo moja lilibaki. Kemikali nyingi si hatari zenyewe. Ini ndilo linalozigeuza kuwa hatari wakati likijaribu kuziondoa mwilini. Bakteria hana ini. Malling alikuwa ameonyesha mwaka 1971 kwamba unaweza kuchanganya kemikali na vimeng'enya vya ini nje ya mwili, na Ames akaingiza wazo hilo kwenye sahani yake: ini la panya wa maabara linasagwa, linazungushwa kwa kasi kwenye mashine, na maji ya juu yanaongezwa kwenye mchanganyiko. Mwaka 1973 yeye na wenzake walitangaza kwamba vitu vinavyoleta saratani, vikishapitishwa kwenye ini, kwa kiasi kikubwa ni mutajeni. Sentensi hiyo iligeuza mambo. Tangu hapo mtu aliyetaka fedha za kuchunguza mutajeni hakusema tena "wajukuu". Alisema "saratani".

Kuna bidhaa iliyowahi kuondolewa sokoni kwa sababu ya vipimo hivi?

Ziko. Japani walikuwa na kihifadhi cha chakula kilichoitwa AF-2, kilichotiwa kwenye tofu na soseji za samaki tangu mwaka 1965. Watafiti wa Kijapani walikuta ni mutajeni kali, na kikapigwa marufuku mwaka 1974. Miaka mizima watu walikuwa wamekila asubuhi.

Marekani, nguo za kulalia za watoto zilitiwa dawa ya kuzuia moto iliyoitwa Tris. Arlene Blum na Ames waliandika mwaka 1977 kwamba dawa hiyo ni mutajeni na inaweza kupenya kwenye ngozi ya mtoto. Mwaka huo huo nguo hizo zilipigwa marufuku.

Na rangi za nywele: mwaka 1975 Ames na wenzake walipima rangi 169 za kuchanganya na dawa ya kuoksidisha, na 150 kati yake zilionyesha kubadilisha jeni za bakteria. Baadhi ya watengenezaji walibadilisha viambato baadaye. Nikisema hivi darasani, dada mmoja wa Mombasa au Unguja lazima aulize habari ya piko, kwa kuwa piko nyingi zinazochorwa maharusi ni rangi nyeusi ya nywele ya aina hiyo. Jibu langu: matokeo yale ni ya bakteria, na ya michanganyiko ya miaka ya 1970. Kilicho wazi zaidi kuhusu piko ni kwamba huunguza ngozi ya baadhi ya watu na kuacha malengelenge na makovu, na hilo peke yake linatosha kumrudisha bibi harusi kwenye hina ya kawaida.

Hawa walikuwa wanasayansi au wanaharakati?

Wote wawili, na haikuwa raha. Watu kama Epstein na Legator walitaka kusema kwa sauti mbele ya kamati za bunge na kwenye magazeti. Wengine waliona jumuiya ikipiga kelele itapoteza heshima, na wanachama kutoka viwandani na serikalini wataondoka. Njia iliyopatikana ni ya Kiswahili kabisa: jumuiya yenyewe ikae kimya na ishughulike na sayansi, mwanachama akitaka kusema aseme kwa jina lake.

Ilisaidia. Sheria ya Marekani ya kudhibiti kemikali zenye sumu ya mwaka 1976 inataja mabadiliko ya jeni kwa jina, sambamba na saratani na kasoro za kuzaliwa nazo. Mwaka mmoja kabla yake EMS ilikuwa imetoa, kupitia kamati yake iliyojulikana kwa namba tu, Kamati ya 17, chini ya John Drake, ripoti ndefu kuhusu hatari za mutajeni na jinsi ya kuzipima kwa hatua: anza na vipimo vya bei nafuu kwa vijidudu, kinachoonyesha dalili kipandishwe hadi kwa wanyama.

Ames alibaki na msimamo wake?

Hapana, na wengi walimkasirikia. Mwaka 1990 yeye na wenzake waliandika kwamba asilimia 99.99 ya viuatilifu tunavyokula kwa uzito vimetengenezwa na mimea yenyewe kujikinga na wadudu, na karibu nusu ya hivyo vichache vilivyopimwa navyo viliwapa panya saratani vikitolewa kwa dozi kubwa. Alitaka watu waache kuogopa kila kilichotoka kiwandani, na waache pia kuamini kila kilichotoka shambani. Mimi naona alikuwa sahihi kuhusu nusu ya pili kuliko ya kwanza, na swali la sumukuvu hapa chini linaonyesha sababu.

Nje ya Marekani mambo yalikwendaje?

Haraka. Jumuiya ya mutajeni ya Ulaya iliundwa mwaka 1970, Frits Sobels wa Leiden akiwa mstari wa mbele, ya Japani mwaka 1972. Mwaka 1973 wakakutana Asilomar, California, kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa, na shirikisho la jumuiya hizi likaanzia hapo. (Usiuchanganye na ule mkutano maarufu wa Asilomar wa 1975 kuhusu uhandisi jeni. Ni ukumbi ule ule, watu tofauti.) Edinburgh, mji wa Auerbach, uliandaa wa pili mwaka 1977. Afrika tulipata jumuiya yetu ya bara zima katika miaka ya 1990.

Sumukuvu inahusianaje na haya?

Inahusiana moja kwa moja. Sumukuvu, hasa aina iitwayo aflatoksini B1, hutolewa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na ni miongoni mwa mutajeni kali zinazojulikana. Kwenye sahani ya Ames, ukiweka na ini, vidoa vinajaa. Mwilini ini linaigeuza, inang'ang'ania herufi G ya DNA, na herufi hiyo inaishia kusomwa kama T. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalikuta badiliko la namna hiyo hiyo, mahali pale pale kwenye jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia saratani, katika saratani za ini za wagonjwa wa kusini mwa Afrika na wa China. Ni kama mwizi aliyeacha alama ya kidole.

Ikiliwa nyingi kwa mpigo inaua upesi, bila kungoja saratani. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 wakafariki.

Kwa majirani wanaoniletea magunia: kupika hakuiondoi, wala kusaga. Kausha juu ya turubai na si juu ya udongo, anika hadi punje ipasuke kwa ukali ukiing'ata, tenga zilizoota ukungu, na hizo ulizotenga usimpe kuku wala usipikie pombe.

Eksirei ya hospitali itaharibu uzazi wangu?

Eksirei ya kawaida ya kifua au mkono ni dozi ndogo sana. Tahadhari ya kweli ni ya mimba. William na Liane Russell, baada ya kuona kwa panya jinsi mnururisho unavyoharibu kiinitete, walipendekeza mwaka 1952 kwamba eksirei ya nyonga isiyo ya dharura kwa mwanamke ifanywe ndani ya siku 14 tangu hedhi kuanza, wakati uwezekano wa mimba ni mdogo. Ukiulizwa kwenye chumba cha eksirei hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, swali hilo lina ukoo na panya wa Oak Ridge.

Kuna mutajeni iliyowahi kutusaidia sisi?

Ndiyo, mnururisho. Mfano ni mbung'o wa Unguja. Dume akipigwa mnururisho wa kutosha, mbegu zake hujaa uharibifu wa vinasaba unaoua kiinitete, ila yeye bado anaruka na kupanda. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o dume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga walimwagwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa. Jike akipandwa na mmoja wao, hazai. Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997. Ni ugunduzi wa Muller, umegeuzwa upande.

Kuna na ngano ya Kenya, Njoro-BW1, iliyotolewa mwaka 2001 baada ya kuchaguliwa kati ya mbegu zilizopigwa mnururisho. Hiyo haimfanyi mlaji apate mnururisho. Swali hilo huja kila mwaka.

Kwa nini walibadilisha jina?

Kwa sababu zana zimebadilika. Zamani ulihesabu vidoa na macho ya nzi. Leo unasoma jenomu nzima (DNA yote) ya baba, mama na mtoto na kuona herufi ipi ni mpya. Mutajeni kama kitu ikawa sehemu tu ya kazi, ndipo neno la jenomu likaingia kwenye jina.

Basi ile hofu ya mwanzo, ya wajukuu, imejibiwa?

Kwa panya, ndiyo. William Russell alionyesha mwaka 1979 kemikali moja, ENU, inayobadilisha mbegu za panya dume kuliko kiasi cha eksirei kilichowahi kupimwa, na mabadiliko yanarithiwa. Ziko nyingine.

Kwa binadamu mambo yamekuwa magumu kuliko Hollaender alivyotarajia. Neel na William Schull walifuatilia watoto zaidi ya 70,000 waliozaliwa Hiroshima na Nagasaki baada ya mabomu, na hawakupata ongezeko la wazi la kasoro zilizorithiwa. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya watoto 130 wa wazazi waliopatwa na mnururisho wa Chernobyl, safari hii kwa kusoma jenomu nzima: hakuna ongezeko la mabadiliko mapya. Kinachoonekana waziwazi ni umri wa baba. Utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ulikuta kila mwaka unaoongezeka kwa baba humwongezea mtoto kama mabadiliko mawili mapya; kwa wastani mtoto huzaliwa na kama 60.

Haina maana kwamba hatari haipo. Lisiloonekana kwa kiumbe mmoja linaweza kuonekana kwa mwingine, na watu hawafugwi kwenye vizimba wakahesabiwa. Lakini mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali una daraja 1A la zile zilizothibitika kwa binadamu wenyewe kwamba huleta mabadiliko yanayorithiwa. Tangu daraja hilo liwekwe, hakuna kemikali iliyoandikwa humo.